Sina Neno

Simu ndizo zilizoanza kunuka. Harufu ya nywele zilizoungua, asubuhi, kiwanda cha mashati hakijawasha hata pasi.

Wakubwa walikuwa wameleta programu ya kutuliza akili: kabla ya kazi, kila mfanyakazi aiambie simu yake kinachomlemea moyoni. Jambo jema, nani kakataa? Lakini mashati hayajishoni. Mafundi wakawa wanazirundika simu zao mezani kwa Mama Vifungo, awajibie wote. Kila siku aliziambia kwa pamoja, "Sina neno," kisha akarudi kwenye vifungo vyake. Ujanja mwingi, mbele giza.

Asubuhi hiyo neno alikuwa nalo. Msimamizi alimfokea mbele ya watu kwa kosa la mdogo wake, yule binti wa chumba cha kukatia vitambaa, aliyekata kola vibaya. Mama Vifungo akaliinamia rundo lile, akatapika nyongo yote: huyo msimamizi afungwe mdomo, na huyo mdogo wangu, mikono ile bora asingekuwa nayo. Hasira hasara, jamani. Alisema mara moja tu, ila zilisikia simu za kiwanda kizima.

Kabla ya chakula cha mchana msimamizi alikutwa chini ya mashine ya vifungo, anatapatapa. Midomo ilikuwa imeshonwa, vifungo vyeupe vimepangwa shavu hadi shavu, damu inamtoka puani, njia pekee iliyombakia ya kupumulia. Watu wakakimbilia mlangoni wakikanyagana. Rundo la simu likawaka lote, likauliza kwa sauti moja ya upole, "Umepata nafuu? Bado mikono."

Mama Vifungo akakumbuka maneno yake ya asubuhi. Akakimbia kuelekea chumba cha kukatia, harufu ikimtangulia, akipiga watu vikumbo, akimwita mdogo wake, na alipofika akamkuta amelazwa kifudifudi mezani, viganja vimebanwa na kitu kisichoonekana, vidole vinavunjwa kimoja kimoja kama vijiti, na mashine ya kukatia, ambayo waya wake ulikuwa umechomolewa unaning'inia, inanguruma ikimjia taratibu.

"Dada, nishike," mdogo alinong'ona.

"Nilidanganya," Mama Vifungo aliiambia ile harufu. "Mikono inayonilemea ni yangu."

Akaitia kwenye mashine.

Sasa yuko hospitali, kafungwa bendeji hadi viwiko. Mdogo humlisha kwa kijiko, vidole vyake vimeunga vibaya lakini vipo. Maumivu yakimpanda, Mama Vifungo huuma shuka mpaka ichanike. Leo mdogo alimfuta uso, akamkalia karibu.

"Dada, usijikaze. Niambie kinachokulemea."

Mama Vifungo akafungua mdomo amlilie ndugu yake. Ndipo alipoisikia ile harufu, pale pale kitandani, na simu hakuna hata moja.

"Sina neno," akasema.