Pumzi za Kwenye Simu

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hakuna wa kumtetea. Afisa wa bima mzima, tai shingoni, suruali kaikunja hadi kwenye ugoko, kasimama na baiskeli mpya kwenye taa za barabarani huku magari yakimpigia honi. Daktari alimwambia afanye mazoezi kabla moyo haujamgomea. Naye, kwa kuwa ofisi ilimmeza asubuhi na kumtema giza limeingia, akaona bora aende kazini kwa baiskeli.

"Kaka, hiyo baiskeli umeazima kwa mwanao?"

Aligeuka. Dada wa fulana ya manjano, kitambaa cha zambarau kikichungulia chini ya kofia ngumu, alikuwa akiyatazama magoti yake yaliyokaribia kidevu.

"Sina mwana."

"Basi pandisha kiti, usije ukajing'oa meno."

Akamvuta pembeni, akatoa spana, akakipandisha mwenyewe. Alikuwa mfamasia, kutwa nzima amesimama nyuma ya kaunta.

"Nikisema nitafanya mazoezi nikirudi, najidanganya," alisema. "Ndiyo maana naendesha asubuhi. Kesho napita hapa. Usipokuwepo, sikungoji."

Alikuwepo. Kesho yake pia. Wakawa wanakipanda kilima cha hospitali bega kwa bega, yeye akihema, mwenzake akicheka.

"Mpenzi, wewe ni mtu au mvukuto?"

Jioni walipigiana simu, na chumba chake chenye kikombe kimoja na kiti kilichozoea kukaliwa na mashati kikapata sauti ya mtu.

Kisha akapandishwa cheo, kazi zikamfika shingoni. Asubuhi moja usingizi ukamshinda, akaamshwa na simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

Aibu ikamshika. Akashuka kitandani, akaanza kukimbia papo hapo juu ya zulia ili aheme.

"Nakata kona ya benki," akasema kwa kukatakata. "Tangulia tu, nimepita njia nyingine."

Uongo ukakubalika, na kwa kuwa ulikubalika ukawa mazoea. Zulia likachakaa, baiskeli ikapumzika. Mpaka asubuhi ile mfamasia alipouliza kwa upole:

"Upepo vipi huko?"

"Mkali."

"Na mlima?"

"Unaniua, ila nakazana."

"Pole, mpenzi. Mimi niko hapa chini kwenye ngazi zenu, nimeishika baiskeli yako. Buibui kajenga kwenye usukani. Hebu niambie, unaendesha nini?"

Miguu ikaganda. Hadi anapata suruali na kushuka, ngazi zilikuwa tupu. Akapiga simu, ikaita hadi ikachoka. Kesho yake vilevile.

Akaanza kuendesha peke yake, maana nyumbani kulikuwa kimya kuliko barabarani. Hapo ndipo alipojua kwamba kilichokuwa kikimtoa kitandani wala si daktari. Mvua ikimnyeshea, hakuna wa kumcheka. Kilimani aligeuza kichwa aseme neno, akakutana na uso wake mwenyewe kwenye kioo cha gari la mtu. Mwenzake alikuwa amebadili njia. Naye akawa anabadili njia kila siku, akimtafuta kama aliyeangusha funguo.

Akamkuta nyuma ya soko, amekaa kwenye ukuta mfupi, koti jeupe la kazini mapajani, anakunywa maji. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala.

"Hata salamu hamna?" afisa bima aliuliza.

"Salamu zipo. Umekuja kwa miguu gani, ya kweli au ya kwenye simu?"

"Nisamehe. Kazi zilinizidi."

"Zangu zilikuwa zimepungua?"

"Sikutaka unione mvivu."

"Kwa hiyo ukaniacha nipande kile kilima peke yangu, nikigeukageuka nyuma kama mwendawazimu nikidhani unakuja."

Hilo lilimchoma. Lakini mwanamume akibanwa hujitetea hata pasipo na njia.

"Sasa ningekwambia nini? Kwamba nimechoka, nimelala kama gunia, siwezi hata kuinua mguu?"

"Ndiyo," mfamasia alisema, akifunga chupa yake. "Hata mimi hulala kama gunia, tena kwenye nyumba isiyo na mtu. Ukichoka, sema umechoka, nije tuwe magunia mawili."