Mkanda wa Manowari Yamatsuyu

"Mfunge Nitta kabla treni ya saa nane mchana haijaondoka."

Simu ikakatwa.

Kuga Tetsuo, mpelelezi wa jeshi la majini, akatabasamu. Hakuwahi kutabasamu tangu Nitta amwoe Fumie.

Novemba 1942, stesheni ya Kure. Manowari Yamatsuyu ilikuwa imepigana Java, ikasindikiza misafara ya Rabaul, ikaopoa mabaharia mia mbili baharini. Lakini safari tatu za mwisho, ndege za adui zilikuwa zikiisubiri njiani. Mtu alikuwa anauza ratiba. Daftari la safari lilikaa kwa Luteni Nitta, mwongoza njia, na adhabu ilikuwa kitanzi.

Ushahidi haukutosha. Kuga alijua, na hakujali.

Alipenya umati, bastola ya Nambu chini ya koti.

Hatua ishirini. Kumi.

Nitta alikuwa analishwa tonge la wali na mkewe, hadharani! Roho ikamuuma Kuga. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Yeye alishapungua kilo sita.

Kando yao alisimama mwanamke mwenye tikiti ya Kobe na mkanda mweupe wa kumkinga askari na risasi. Mkanda huo hutaka mafundo elfu ya uzi mwekundu, kila mwanamke fundo lake; aliyezaliwa mwaka wa Chui Milia tu ndiye hupiga mafundo sawa na umri wake. Wa huyu haujafika hata nusu.

"Lete nikusaidie, dada," Fumie alisema. "Mimi wa mwaka wa Chui Milia. Nakupigia ishirini na tisa, umri wangu wote!"

"Asante, usijisumbue."

"We vipi? Wenzio wananikimbiza barabarani!"

"Nimesema basi!"

Kuga akasimama.

Mwanamke wa Chui Milia hakataliwi. Labda mafundo yawe yameshahesabiwa.

Akachungulia. Safu ya mwisho: mafundo kumi na nne, nafasi, mafundo kumi na moja. Tarehe kumi na nne, mwezi wa kumi na moja: siku Yamatsuyu itakapong'oa nanga.

Angeweza kunyamaza. Nitta angenyongwa. Fumie angebaki mjane.

Filimbi ya treni ikalia.

Akamtazama Fumie, akajilaani, akamrukia mwenye mkanda. Mwanamke yule alichomoa bastola ndogo. Kuga akamkunja mkono, ikaanguka relini.

"Nani anakupa tarehe?"

"Karani... wa ramani!"

Pingu alizomletea Nitta zilimwenea barabara.

Akapiga simu. "Nitta hana hatia. Kamateni karani wa ramani."

Nitta akamkumbatia. "Kumbe ulikuja kuniaga, ndugu yangu!"

"Nilikuja kukuaga."

"Ona alichonishonea mke wangu." Akafunua shati, mkanda mweupe ukaonekana kiunoni. "Na wako kakushonea nani?"

Fumie akainamisha macho.

"Sina haja nao," Kuga alisema, akawasha sigara, akaondoka bila kugeuka.

Lakini alikuwa ameshayahesabu mafundo ya Fumie kwenye mkanda wa Nitta. Ishirini na tisa, na kila fundo lilimchoma kivyake.