Gitaa la Mkono wa Kesho

Gitaa lilikuwa halijatengenezwa, lakini lilikuwa tayari linapigwa, na kila aliyepita nje ya karakana ya fundi Zawena Mkude asubuhi ile alilisikia. Asteria Mbena alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba, amepakata fremu tupu ya alumini isiyo na mbao wala uzi. Mahali pa nyuzi palikuwa na mistari sita ya mwanga. Kila alipoukatiza mmoja kwa kidole, spika za ukutani zilitoa sauti ya gitaa ambalo mbao zake bado zilikuwa zimelala rafuni, zikisubiri kuambiwa zitakuwa nini.

Chombo hicho kiliitwa kionjasauti. Morogoro ya miaka hiyo ilikwishazoea maajabu: vibanda vya abiria vilipanda na kushuka milima ya Uluguru kwa kamba mchana kutwa, na roboti za manispaa zilizibua mitaro kabla mvua haijanyesha, jambo ambalo wazee walikataa kabisa kuliamini mpaka walipoliona. Hata hivyo kionjasauti kiliwasimamisha watu dirishani. Kila ubao ulioingia karakanani uligongwa kwa nyundo ndogo ya mashine, mtetemo wake ukapimwa na kuhifadhiwa. Mteja akichagua shingo ya mbao hii na ubao wa vidole wa mbao ile, kionjasauti kilijumlisha mitetemo yote na kumsikilizisha gitaa lake kabla msumeno haujagusa kitu. Zamani mtu aliagiza gitaa kama anayeposa kwa picha, na siku ya kulipokea ndiyo siku ya kujua kama kapata au kapatikana.

"Hii ni mbao gani?" Asteria aliuliza.

"Shingo ya mvule, dada. Ubao wa vidole wa mninga."

"Inanung'unika. Nipe nyingine."

Zawena akagusa kioo cha mashine. "Haya. Shingo ya mkongo, na mpingo juu yake."

Asteria akapiga noti moja tu, akainua uso. Mkongo ni mbao nzito isiyopinda ovyo, na mpingo ni mgumu kiasi kwamba kidole kikiubana uzi juu yake, sauti hutoka safi bila kupotea hata chembe. Akapiga nyingine, kisha akateremka nazo zote mfululizo, na nje mtu akapiga makofi.

"Hiyo hiyo," alisema. "Usiniongezee kitu."

Asteria alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja, na zaidi ya nusu ya umri huo alikuwa amepiga solo katika Bendi ya Mkondo. Watu walimjua kwa jambo moja: katikati ya wimbo, wacheza dansi wakiwa wamekolea, alitanua vidole vinne vya mkono wa kushoto mpaka wapigaji wengine wakaona kichekesho, akashika noti mbili zilizo mbali kabisa na kuziliza pamoja. Bendi nyingi zilijaribu kumuiga zikaishia kupata maumivu ya kifundo cha mkono. Gitaa lake la zamani lilikuwa limepinda shingo kiasi cha kutotengenezeka, na tamasha la miaka arobaini ya bendi lilikuwa mlangoni. Alitaka gitaa lenye nyuzi ndefu kama lile la zamani, ili noti zake mbili ziendelee kulia.

Sasa, urefu wa uzi si jambo dogo. Ni kipimo cha sehemu inayotikisika, kuanzia daraja lililo kifuani mwa gitaa hadi kwenye mfupa mdogo ulio mwisho wa shingo. Uzi ukiwa mrefu unakazwa zaidi, unalia kwa ukali unaopenya kelele za ukumbi, lakini vyuma vilivyogawa shingo vinaachana zaidi na vidole vinafanya kazi. Uzi mfupi ni laini, unabembelezeka, unasamehe mkono mvivu. Sentimita tatu tu zinatosha kumfanya mpigaji aone amekalia kiti cha mtu mwingine.

"Tupime mkono, tumalize," Zawena alisema, akamvisha glovu nyembamba ya kijivu iliyounganishwa na kionjasauti. Glovu ilisoma mifupa, misuli, hata joto la kila kiungo. Baada ya muda mfupi mashine ikasema kwa sauti yake ya upole: "Shingo nyembamba. Urefu wa uzi unaofaa ni sentimita sitini na moja."

"Sitini na moja!" Asteria akacheka. "Hilo si gitaa, hilo ni kinanda cha mdomo. Nimepiga sitini na tano maisha yangu yote."

"Ndiyo, dada, lakini labda umejizoesha kuteseka. Mashine haina sababu ya kukudanganya."

"Mdogo wangu, nakuagiza gitaa, unaniuzia mashine?"

Zawena alicheka naye, lakini hakuacha. Alikuwa fundi mwenye mikono hodari na maneno matamu, na aliamini kwa dhati kwamba glovu ilijua kuliko mazoea ya mtu. Alieleza habari za misuli, akaeleza habari za kujipunguzia kazi, akasema hata wapigaji wakubwa waliokubali kufupishiwa walirudi kumshukuru.

"Kama nani?"

"Kama Njechele wa bendi yenu hiyo hiyo. Alikuja anataka refu kama lako. Nikamshauri, akakubali. Leo anasemaje?"

Uso wa Asteria ukabadilika. Salumu Njechele ndiye aliyempigia gitaa la ridhim miaka yote, na alimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

"Anasema gitaa lako limemwokoa," Asteria alijibu polepole. "Tangu mwaka jana vidole vyake vinakaza. Asubuhi hawezi kufunga kifungo cha shati. Anasema lingekuwa refu asingeweza kupiga tena, na kwamba alibahatika sana kuchagua fupi." Akainamisha macho kwenye mkono wake uliokuwa bado ndani ya glovu. "Lakini alilinunua miaka mitano iliyopita. Siku ile vidole vyake vilikuwa vizima, Zawena. Nilikuwa naye. Mashine yako ilikuwa inapima nini?"

Zawena akaigeukia mashine.

"Mkono ulioupima ni wa lini?"

"Ni wastani wa mkono wa mteja kwa umri wote wa gitaa," kionjasauti kikajibu. "Umri wa gitaa katika karakana hii umewekwa kuwa miaka arobaini."

Hapo Zawena akakumbuka, na aibu ikamshika. Siku mashine ilipofungwa karakanani ilimuuliza magitaa yake hudumu muda gani. Mafundi wengine waliandika miaka kumi, wakaendelea na kazi. Yeye, aliyelelewa na baba aliyetupa shingo nzima kwa sababu ya ufa usioonekana kwa macho, aliandika arobaini, tena akatabasamu. Ulikuwa wakati wa kujisifu na hakuona ubaya wowote. Mashine haijui majigambo. Iliambiwa gitaa litaishi miaka arobaini, ikaenda kuitafuta mikono ya miaka arobaini, ikawakadiria watu uzee na maradhi yao na kuyachonga kwenye shingo za magitaa, na yeye akasimama pembeni akiwashawishi wakubali.

"Dada Asteria, mimi sikujua. Naapa sikujua."

"Najua hukujua." Sauti ya Asteria ilikuwa tulivu. "Iulize kitu kimoja. Mtu wa umri wangu mwenye mkono mzima, ingemfupishia hivi?"

Zawena hakutaka kuuliza. Akauliza.

"Hapana," mashine ikasema. "Angepewa sitini na nne. Viungo vya kidole cha kati na cha pete vina dalili za kukaza. Mimi si daktari. Ninashauri mteja amwone daktari."

Asteria akaivua glovu mwenyewe, kidole kimoja kimoja, akaiweka juu ya meza. Akakunja ngumi, akaikunjua. Machozi yalimlengalenga na hakuyaficha.

"Nilikuja kuchagua mbao," alisema. "Nani alikutuma uniletee uzee wangu mpaka hapa?"

Zawena akamsogelea akapiga magoti mbele ya kigoda, akamshika ule mkono kwa mikono yake miwili. Nje watazamaji wa dirishani walisubiri muziki, walipoona hauji wakatawanyika.

"Nisikilize, dada," Zawena akasema hatimaye. "Shingo ya gitaa la umeme inafungwa kwa skrubu. Inatoka, inawekwa nyingine. Naweza kukuchongea mbili kutoka ubao mmoja, ndefu na fupi, daraja likabaki pale pale. Utapiga ndefu, na fupi utaiweka kabatini mpaka utakapoihitaji."

Asteria akatikisa kichwa.

"Nitengenezee ndefu," alisema. "Mkongo na mpingo, sitini na tano. Kwa daktari nitakwenda, nakuahidi. Lakini hiyo fupi usiichonge. Nikiwa nayo kabatini nitakuwa naisikiliza kila siku. Ikifika siku nimeshindwa, nitakuja kuiomba kwa mdomo wangu." Akasimama, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Na Njechele umwambie wewe. Si mimi."

Baada ya Asteria kuondoka, Zawena aliifuta ile miaka arobaini. Hakuweka mingine mahali pake. Aliiagiza mashine kwamba kuanzia hapo, kabla ya kumpima mtu yeyote, imuulize mwenyewe anataka ipime mkono wa leo au wa kesho, na akikataa wa kesho isiutazame kabisa. Kisha akaushusha ubao wa mkongo, akachora mstari wake, akakata.

Alifanya kazi ile kwa moyo wote. Aliuchonga mgongo wa shingo mpaka ukakaa kiganjani bila kona, akaubandika mpingo, akaugawa kwa vyuma vyake, akaupiga msasa mpaka ukang'aa wenyewe bila mafuta. Asteria alipokuja kulichukua gitaa, wiki ya tamasha, alikuwa amefuatana na Njechele, mwanamume mrefu mwenye ndevu za mvi na mzaha usiokwisha, gitaa lake fupi limening'inia begani.

"Shikamoo kaka Njechele."

"Marahaba, fundi wangu! Nimekuja kuona huyu bibi amepewa nini cha kutunyanyasia."

Asteria akaunganisha waya, akakaa, akapiga. Alianza taratibu, akapanda, na alipofika pale pake akatanua vidole vinne na kuziliza noti zake mbili. Zililia karakana nzima, mpaka randa zilizoning'inizwa ukutani zikatetemeka. Njechele alipiga kelele ya furaha. Asteria alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Zawena akaona akichelewa hatasema tena. Akamvuta Njechele kiti, akamweleza yote: glovu, wastani, miaka arobaini aliyoiandika kwa kujisifu, na jinsi alivyombembeleza aache gitaa alilolitaka. Hakujitetea. Njechele alisikiliza akiipapasa shingo fupi ya gitaa lake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Lakini gitaa hili ndilo linalonipigisha mpaka leo," alisema.

"Ni kweli, kaka."

"Siwezi kukulaumu basi." Akamtazama Asteria, aliyekuwa amesimamisha mkono juu ya nyuzi, kisha akayarudisha macho kwenye vidole vyake vilivyopinda kidogo. "Hili ulinipa miaka mitano iliyopita. Vidole vimeanza kunisumbua mwaka jana."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo lile refu ningelipiga miaka minne."

Zawena aliitikia kwa kichwa.

"Miaka minne si haba, fundi," Njechele akasema. "Ungeniuliza tu."