Hesabu ya Rahab Wachuka

Siku ya kwanza ya kuhesabu watoto ilikuwa kikombe tu. Nabalayo, msaidizi wa Rahab, alimimina uji kwenye vikombe kumi vya bati, watoto wakanywa, na alipofika kuosha akakuta vichafu kumi na kimoja. Cha kumi na moja kilikuwa chake mwenyewe cha chai, alichokitundika juu ukutani, na ukingoni kilikuwa na ukoko mweupe wa magadi, kama matope ya ziwani yakikauka.

"Nani alishusha kikombe changu?" aliuliza.

Hiyo ilikuwa Nakuru, mwaka wa hamsini na saba, kwenye zile nyumba za wafanyakazi ambazo mke na mume wakigombana jirani anazima redio asikose neno. Rahab Wachuka, mjane, alikuwa ameanza kulea watoto wa kina mama walioajiriwa kwa Wazungu, na alitaka leseni ya nasari. Bila hiyo karatasi hakuwa na kazi ya kuonyesha, na asiye na kazi alipakiwa kwenye lori akarudishwa rizavu, ardhi waliyotengewa watu wa kabila lake. Huko, shemeji zake walikuwa wameshagawana shamba la marehemu, hata mahali pa kuweka mafiga hawakumwachia.

Kosgei, karani wa afya, mwenye soksi ndefu na maringo marefu kuliko soksi, alipima chumba kwa utepe. "Watoto kumi, mama. Akizidi mmoja nafunga. Kila asubuhi wahesabu, uandike. Ijumaa nakuja kuhesabu mwenyewe."

Basi Rahab akawahesabu, kwa kidole na kwa sauti, kichwa baada ya kichwa. Nyumbani kwao ni mwiko, hata mbuzi hawahesabiwi hivyo, sembuse watoto. Lakini Rahab alikuwa ameokoka, tena amefika darasa la nne, na mtu wa darasa la nne humwambii kitu.

"Hesabu viatu, dada," Nabalayo alimnong'oneza. "Vichwa wacha."

"Viatu gani? Hawa wote ni miguu mitupu."

Siku ya pili akapata kumi na moja. Akawaita kwa majina, wakaitika kumi. Akahesabu tena, kumi na moja, na hakukuwa na sura ngeni hata moja.

Mwinjilisti aliitwa aombe. Aliweka mkono juu ya kila kichwa, akatoka nje akinusa kiganja chake, na hakurudi hata kuchukua kofia. Kufikia Alhamisi chumba kizima kilinuka ziwa, na watoto walipolala mchana pumzi zao zilipanda na kushuka pamoja, zote isipokuwa moja iliyochelewa kidogo, yenye maji ndani yake, ambayo Rahab akiisogelea ilihamia mkeka mwingine, na akiufuata mkeka huo ilikuwa tayari iko nyuma yake.

"Uliita idadi, nacho kikaitika," Nabalayo alisema kwa sauti ya chini. "Choma hicho kitabu. Kisipohesabiwa kitaondoka."

"Na Kosgei kesho nimwambie nini?"



Ijumaa, Kosgei alipoonekana njiani, Rahab alimshika mkono Kipsang, mtoto wa miaka minne, mtiifu kuliko wote, akamwingiza kwenye stoo ya kuni. "Kaa kimya mpaka nikuite, baba."

"Ndiyo, mwalimu."

Akafunga komeo. Kosgei akahesabu, akapata kumi, akaipiga leseni muhuri, akanywa na chai.

Alipoondoka tu, Rahab alikimbilia stoo. Komeo lilikuwa vile vile alivyolifunga, na ndani mlikuwa na kuni tu. Alirudi chumbani, akaita majina moja baada ya jingine, akiogopa kulifikia moja, na alipolifikia, katikati ya wenzake, Kipsang akaitika.

Jioni mama yake, Cheptanui, alikuja kumchukua. Alimbeba mgongoni akayumba.

"Ai, leo huyu amekuwa mzito. Mmemlisha nini?"

Nabalayo alimtazama Rahab. Rahab alitazama leseni ukutani, wino wake bado mbichi.

"Uji," alisema.

Cheptanui akaenda zake akicheka, na yule aliyekuwa mgongoni, shavu limelala begani kwa mama, alikuwa akiwaelekezea kidole watoto waliocheza njiani, mmoja, mwingine, mwingine tena, midomo yake ikisogea.

Jumatatu Nabalayo hakuja kazini. Rahab aliwapanga watoto peke yake, akahesabu, wakawa kumi kamili, Kipsang akiwemo. Alikuwa amefungua kitabu aandike aliposikia sauti ndogo kutoka stoo, yenye adabu, iliyochoka.

"Mwalimu, nitoke sasa?"

Alifungua. Kuni tu. Akafunga komeo, akarudi mezani, akaandika kumi.