Anayesogea Pichani

Klik.

Mlio mmoja tu, mkavu, kama ukucha unaovunjika. Hajra alifumbua macho gizani akasubiri wa pili, lakini wa pili haukuja. Kando yake mumewe, Masoudi, alikuwa amelala fofofo. Chumba kilinuka tope la mto, ingawa ulikuwa mwezi wa nane na Nachingwea nzima ilikuwa vumbi tupu.

Asubuhi Masoudi aliikuta kamera yake ndogo palepale kabatini alipoiweka, ila kamba yake ilikuwa imelowa. Ndani mlikuwa na picha ambayo hakuipiga: kijani kizito kila upande, na katikati doa jeupe, dogo, kama kiganja kilichobonyezwa kwenye kioo kwa upande wa ndani.

Kamera hiyo ilikuwa ya kuingia majini. Masoudi alikuwa na studio karibu na soko, akiishi kwa picha za harusi na za pasipoti, mpaka wafugaji wa samaki wa Nanganga walipomwomba awapigie perege wao wakiwa hai ndani ya maji, wapate cha kubandika kwenye maonesho ya wakulima. Alinunua kamera ya kiganjani, akaitia kadi ya kumbukumbu aliyokuwa nayo ya zamani, akatafuta mahali pa kujifunzia. Mabwawa ya Nanganga yalikuwa na tope. Akaenda Mto Mbwemkuru, upande wa Ruangwa, ambako kiangazi mto hukatika vipande na maji yanayobaki hutulia mpaka ukaona mchanga chini. Hakumwambia mkewe. Katika dimbwi hilohilo, masika yaliyopita, binti yao wa pekee alizama.

Tangu mazishi, Hajra hakulitamka jina la mtoto. Na kwa kuwa miaka yote alimwita mumewe kwa jina hilo, baba wa fulani, kama wanawake wote wa mtaa wanavyowaita waume zao, sasa hakuwa na neno la kumwitia. Alisema "wewe." Alisema "bwana." Masoudi lilikuwa jina la wateja na la kitambulisho, kinywani mwa Hajra halikuwahi kupita. Naye mume akamwita "mwenzangu," na nyumba ikawa ya watu wawili wasioitana.

Picha za kwanza zilikuwa mbaya. Aliwasha taa ya kamera, chembe za tope zikang'aa mbele yake kama ufuta unaopepetwa. Akaizima. Akajaribu kuwavuta samaki kwa kukuza, wakatoka na ukungu. Taratibu akajifunza kwamba maji hula rangi, nyekundu kwanza, na dawa yake ni kupunguza maji kati yako na unachokipiga. Usikuze, sogea. Ukidhani umefika, sogea tena. Akajifunza kushuka bila kutibua mchanga, kubana pumzi na kutulia, kukaa chini na kuielekeza kamera juu. Akajifunza pia kwamba mwanga ulio bora ni wa jua la utosi, linaposhuka wima hadi chini kabisa.

Watu wa pale hawaingii majini jua la utosi. Hiyo ni saa ya wenyewe, wale wasioonekana. Wanawake hutua ndoo zao mbali na ukingo, wakangoja vivuli virefuke kwanza. Masoudi aliijua desturi hiyo tangu utoto, lakini alikuwa amekwisha kuona kilichokuwa nyuma ya perege. Doa lile lilikuwa katika kila picha. Alipolisogelea likawa kiganja. Akasogea tena, kiganja kikapata mkono, mkono ukapata gauni, na gauni alilijua.

Jioni moja alimwita mkewe studio, akafunga mlango, akaifungua picha kwenye kompyuta.

"Tazama," alinong'ona. "Ni yeye."

Hajra alitazama. Kichwa kimelalia kushoto, bega moja limeinuka, tabasamu limepanda upande mmoja. Nywele zilizosukwa zilikuwa zimetulia mabegani kana kwamba hapakuwa na maji. Alishika ukingo wa meza.

"Hii ni picha yako ya Idi," alisema polepole. "Ulimwambia inua bega, akainua. Mtoto anayezama hasimami hivi."

"Picha ya Idi imo kwenye kadi hii hii. Sikuifuta."

"Basi huyo ameisomea humo."

Masoudi alisema hakuna mzazi anayeonyeshwa mwanawe halafu akagombana na bega. Alisema macho ndiyo bado hayajatoka vizuri. Amebakiza kusogea kidogo tu.

Alfajiri Hajra alitoka uani kuchota maji ya kutawadha. Pipa lilikuwa limetulia. Alipoinamisha kata, sauti ilipanda kutoka chini, laini, ya mtoto aliyeamka sasa hivi.

"Mama, mimi naitwa nani?"

Jina lilimpanda kooni lenyewe, kwa mazoea, kama maziwa yanavyomtoka mzazi asikiapo kilio, na akaona maji ya pipa yanainuka kulipokea, yanavimba katikati bila kumwagika, basi akajaza upindo wa kanga kinywani akauuma, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa ukuta, na hapo akakaa, ameuma vilevile, hadi jua lilipochomoza.

Asubuhi hiyohiyo alikwenda Nanganga kwa Bi Mwamina, mganga wa mambo ya maji. Alimkuta anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Bi Mwamina alimsikiliza bila kuacha kazi. Kisha akamweleza kwamba jini wa dimbwi hana sura yake mwenyewe, huvaa ya kuazima. Huyu amepata sura kwa mume, na sauti ameiokota nyumbani. Alilokosa ni jina, na jina halimshiki mpaka limtoke aliyezaa. Asipolipata atabaki majini. Akilipata, atakuja kulala kitanda cha mtoto, na watamlea.

"Kwa hiyo ukimya wako ni mlango, mwanangu," alisema. "Umeufunga bila kujua. Usiufungue."

Hajra alipiga simu studio. Aliyepokea ni fundi cherehani wa jirani. Alisema mwenye studio ameondoka na pikipiki, tena akicheka, kitu ambacho hajakifanya tangu masika. Kasema jua la leo ni la picha.

Wanawake wale wawili walipanda bodaboda kwenda dimbwini. Walipofika, jua lilikuwa utosini. Pikipiki ya Masoudi ilikuwa mchangani, shati limekunjwa juu ya kiti. Hapakuwa na ndege. Maji yalikuwa safi mno, na chini yake Masoudi alikuwa amechuchumaa, mkono wa kamera umenyooshwa, wala povu moja halikumtoka puani. Mbele yake alisimama mdogo yule, paji la uso limekaribia kugusa kamera.

Bi Mwamina alimwaga majini makaa ya ubani aliyokuja nayo chetezoni, akisoma. Makaa yalizama yakiwa mekundu, yakaendelea kuwaka chini. Hajra akaingia mpaka kifuani, mchanga ukakatika chini ya miguu yake. Mganga akamdaka kwa kanga.

"Masoudi," Hajra aliita. Neno lilikuwa geni, kama anamwita mteja. Mwanamume hakugeuka.

"Hajui kuwa ndiye," Bi Mwamina alinong'ona. "Akifika huko mtu hubakiwa na jina moja, lile alilopendwa nalo."

"Nikiliita?"

"Atapanda. Lakini hatapanda peke yake."

Hajra akajaza tena upindo wa kanga kinywani, akauuma.

Mkono wa kamera ulianza kulegea, vidole vikaachana kimoja kimoja, kichwa cha mumewe kikainama taratibu kama cha mtu anayesinzia kwenye hitima, na Hajra akaona yule mdogo ameacha kumtazama baba, ameinua uso juu, kwake, kupitia maji yote yale yasiyo na doa, macho sasa yametoka vizuri, bega limeinuka, mdomo umeshafunguka nusu kama wa mtoto anayengoja kuitwa aitike, naye akakumbuka kitanda kidogo kilichotandikwa bado, akakumbuka aliyezikwa na yuko wapi, akamtazama aliye hai anayekwenda, na kanga aliyokuwa ameiuma ikamtoka kinywani.

"Baba Sabaha," akasema.