Chumba cha Bondeni

Bedford la kijivu lilimkosa kwa inchi chache.

Wasike aliilaza pikipiki yake ya BSA kwenye kona ya Sachangwan, akaingia kwenye majani, akatoka upande wa pili. Lori halikusimama. Lilikuwa na magunia ya pareto, na chini ya pareto kulikuwa na bunduki.

Alifungua kopo la majani ya chai. Redio ilikuwa ndani.

"Kabichi zinashuka Nakuru," alisema. Kabichi lilikuwa jina la siri la bunduki.

"Zisipande treni ya jioni," sauti ya Ofisi, wakubwa wake wa upelelezi, ikajibu. "Zikipanda, hatuzipati tena."

"Nilale wapi?"

"Chagua mwenyewe. Aliyekutangulia alichaguliwa chumba."

Aliyemtangulia alizikwa mwezi uliopita.

Hili ndilo ninalowaambia vijana wetu kila siku. Ukifika mji mkubwa usioujua, kabla ya chakula, kabla ya kutembea, angalia utaweka kichwa wapi. Wasike alilijua hilo. Hoteli ya karibu na stesheni ilikuwa ya wazungu, mlangoni asingepita. Vyumba vya juu ya maduka ya Wahindi vilikuwa na macho mengi. Palibaki mtaa wa Bondeni na landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli.

Nyongesa alikuwa anamngoja kwenye pampu ya petroli. Mtu wa Ofisi pale Nakuru. Tena mtu wa kwao, walisimama mbele ya kisu cha tohara msimu mmoja, mto mmoja. Kwao Bukusu, watu kama hao hawaamkiani. Wanatukanana. Hata kwenye matanga ya babake Wasike, Nyongesa alimtukana mpaka waombolezaji wakacheka.

"Karibu sana, bwana Wasike," Nyongesa alisema. "Habari ya safari?"

Wasike alingoja tusi.

Halikuja.

"Leo hata pua yangu hujaiona?"

"Ah, bwana. Tumekuwa wazee."

Walikuwa na miaka thelathini.

Nyongesa alishamtafutia chumba Bondeni. Godoro zuri, chai kwenye meza, dirisha moja likitazama ukuta. Akamwambia alale kidogo, uchovu wa safari umtoke mwilini, yeye atachunga reli. Alifunga mlango polepole, kama mtu anayemwacha mgonjwa.

Wasike hakugusa chai. Alivua koti, akalilaza kitandani, akalifunika blanketi. Akatoka kupitia dirisha.

Moyo ulimuuma. Miguu haikusimama.

Kule landi alimkuta mama mmoja, Akeyo, akisonga ugali wa watu wa reli. Akamwomba dirisha linaloona mabehewa.

"Liko la jikoni," Akeyo alisema, akimpima kutoka viatuni mpaka kichwani. "Lakini kijana msafi hivi, moshi utakumaliza kabla ya hao unaowatoroka."

Aliingia. Thermos yake ilikuwa na darubini badala ya chai.

Bedford lilikuwa pale relini, limegusana na behewa. Mzungu aliyeitwa Brandt, mwenye zile bunduki, alikuwa anahesabisha magunia. Kisha Nyongesa akatokea upande wa Bondeni. Alikuwa anafungua kiwambo cha kuzuia sauti kwenye bastola yake, taratibu, kama mtu anayemenya ndizi.

Akamwinamishia Brandt kichwa. Kazi imekwisha.

Wasike alifungua kopo.

"Kabichi ziko behewa la pareto. Leteni askari."

"Nyongesa yuko wapi?"

Moshi ulimwingia machoni.

"Yuko pamoja nazo."

Alishuka bila kukimbia. Brandt alimwona wa kwanza, akachomoa bastola yake ya Luger. Webley ya Wasike ililia mara moja. Luger ikaanguka relini, na mzungu akaanguka juu yake, ameshika mkono.

Wasike alipasua gunia. Maua meupe yalimwagika. Halafu chuma.

Nyongesa aliiweka bastola yake chini. Alimtazama kama anayetazama mzimu.

"Nilikupiga risasi."

"Ulipiga koti."

Askari wakafika, wakamfunga pingu. Treni ya jioni ilipiga filimbi, ikaondoka bila behewa lile. Hapo ndipo Nyongesa alipojaribu kucheka.

"We Wasike, pua kama kiazi cha Olenguruone," alisema kwa Kibukusu, sauti ikimkatika. "Waambie sisi ni wa kisu kimoja. Nitukane basi. Hata tusi moja tu."

Wasike alivaa kofia.

"Samahani, bwana," alijibu kwa Kiswahili. "Sidhani kama tunajuana."

Akaenda zake landi, bila koti, kula ugali wa Akeyo.