Nukta ya Sita

Kiwanja cha pembe nne hutoa nukta tano, maana kompyuta huirudia ya kwanza mwishoni ili kufunga mpaka. Mounira alilijua hilo hata usingizini, kwani kazi yake ilikuwa kuandika programu za kuchomoa ramanini majiranukta, yaani namba za mahali pa kila pembe, ya viwanja vya mtaa wa Mikelenge. Basi mchana ule kiwanja kimoja kilipotoa nukta sita, aliguna, akaifuta ile ya ziada, akaiendesha programu upya. Sita tena! Na kiwanja, ya Rabi, kilikuwa cha kwao.

Fortunat, mwenzake wa ofisini, alisogea, akaziba pua.

"Unasikia arufu ya udongo? Dada, hiyo ni jini. Funga mashine!"

Mounira hakuweza. Nukta ile haikukaa mpakani bali katikati, palepale penye jiko la mama yake, na alipokuwa akiitazama alisikia ndani ya mashine meno yakigongana, kisha pumzi, kisha sauti ya Soudi, kaka yake ambaye mama alisema alikimbilia Lubutu wakati wa vita, ikinong'ona kama zamani walipolala kitanda kimoja: "Mounira, niko na baridi."

Alikimbia mpaka nyumbani. Mama yake, Mwavita, alikuwa akipepeta mchele.

"Mama, nani iko chini ya jiko?"

Ungo ulimponyoka.

"Siku Soudi alikufa, risasi zilikuwa kila njia," alisema kwa sauti ya chini. "Ningemufikisha makaburini na nani? Hata sanda sikupata. Nikamuzika pale, nikawasha moto juu, wasione udongo mupya."

"Ulituambia Lubutu!"

"Ulikuwa mutoto, ulikuwa unamulilia. Nilisema nitakuambia kesho."

Shehe Aboubakar alikuja na wanaume wanne. Waliyang'oa mafiga, wakachimba, wakaikusanya mifupa ya Soudi ndani ya sanda nyeupe, wakamsalia, wakampeleka makaburini kabla ya magharibi. Kule ofisini harufu ya udongo ikakoma. Majirani, waliokwisha kusikia maneno ya Fortunat, wakashukuru kwamba jini limetoka.

Mama peke yake hakushukuru. Alikaa kando ya shimo, mikono mapajani.

"Miaka yote nilikuwa nasema naye nikipika," alisema. "Naye alikuwa ananijibu. Sasa nitasema na nani?"

Mounira alishindwa kumkumbatia. Alikuwa amekula chakula cha jiko lile zaidi ya miaka ishirini, na kila alipomaliza alimwomba Mungu amrudishe kaka yake kutoka Lubutu.